Siku Mama Alipotoa Upepo wa Tairi

Upepo wa tairi una harufu yake. Unanuka kama stoo iliyofungwa muda mrefu, mpira na vumbi na unyevu kidogo, na mimi nikiunusa tu, hata nikiwa kituo cha petroli katikati ya Al Sadd hapa Doha, narudi moja kwa moja kwenye majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa. Tulikaa Al Mansoura, ghorofa ya tatu, chumba na sebule, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Miezi yote ya joto tulifungiwa ndani na kiyoyozi kama nyama kwenye friji. Baridi ikiingia, mji mzima hutoka. Wenzangu walirudi shuleni Jumapili, ambayo huku ni siku ya shule, wakisimulia juu ya bahari iliyojificha katikati ya vilima vya mchanga, nami sikuwa na langu la kusimulia. Nilimsumbua baba mpaka akaapa kwamba Ijumaa ijayo tutaiona, potelea mbali.

Baba alikuwa dereva, tena dereva wa kujivuna. Alikulia Kinangop, kwenye udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hata trekta hukwama, na yeye alipita hapo akiwapigia wenzake honi. Mama alikuwa muuguzi, mtu wa Kitui, mchache wa maneno. Alikubali safari kwa sharti moja: saa kumi na mbili jioni awe wodini. Alikuwa ameshaonywa kwa kuchelewa, siku niliyoshikwa na homa, na mkataba wake mpya ulikuwa bado haujatiwa sahihi. Akichelewa tena, tungefungasha virago sote watatu turudi Kenya, kwa kuwa tuliishi Doha kwa kibali chake. Kwa hiyo sare yake nyeupe tuliitundika dirishani mwa gari ndani ya mfuko wa nailoni, ikakaa kando yangu kama abiria wa nne.

Asubuhi ile baba alijaza matairi ya gari letu kuukuu yakawa magumu kama mawe, kama afanyavyo kila dereva wa kwetu kabla ya safari ndefu. Pale lami inapoishia tulikuta magari mengi yamesimama, wenyewe wamechuchumaa wakitoa upepo. "Ala! Maskini, wote wamepata pancha!" baba akasema, na kwa roho yake nzuri akashuka na pampu yake ya mguu kumsaidia mzee mmoja Mwarabu. Yule mzee alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaonyesha matairi yetu na kushusha kiganja mara mbili tatu: punguza. Baba alirudi amenuna. "Eti nipunguze! Tairi laini ni la mtu asiyejua gari." Mama aliyatazama matairi ya wale wengine.

Kwenda tulifuata njia iliyoshindiliwa na magari, tukafika salama. Bahari niliiona! Maji ya buluu yamelala kati ya milima ya mchanga, kimya hata nikasikia damu ikipita masikioni. Tulikula chapati zenye chembe za mchanga, nikateremka kilima kwa matako mpaka suruali ikachanika. Saa tisa tukaanza kurudi. Njia ilikuwa imevurugwa na mchanga umelainika kwa jua, na kabla hatujaenda mbali gari likazama. Baba akakanyaga mafuta kama anatoka kwenye matope ya Kinangop, na kila alipokanyaga tulizidi kushuka. Simu haikushika mtandao. Mama aliitazama saa, akaitazama sare yake, akafungua mlango akashuka.

"Baba Ciru, toa upepo."

"Mama Ciru, nimeendesha gari miaka kumi na mitano."

"Kwenye matope. Huu ni mchanga, na mchanga ni wa kwetu."

Akasema kwamba utotoni aliteka maji kwenye mito mikavu ya Kitui, akivuka mchanga na mtungi mgongoni, na aliyekanyaga kwa kisigino alizama, lakini aliyetandaza wayo alipita. Hakungoja jibu. Alichomoa kibanio nyweleni mwangu, akachuchumaa, akakibonyeza kwenye vali ya tairi, na ule upepo ukatoka ukilia ssss, na harufu yake nikaivuta hapo. Baba alisimama kama mtu anayenyolewa bila kuulizwa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama alimwambia bila kuinua kichwa. "Na tairi nalo liiname." Alipofika tairi la nne, baba alikuwa ameshapiga magoti hapo. Tulifukua mchanga kwa sufuria ya chapati, kisha gari likapanda taratibu, likatoka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama siku ile.

Kwenye lami baba alipiga pampu mpaka shati likaloa, huku mama akibadilisha nguo nyuma ya leso niliyomshikia. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano alishuka langoni mwa hospitali, akavua kiatu, akamwaga mchanga, akaingia mbio. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi huohuo, ndiyo maana nilikulia mji huu.

Leo ninaishi Lusail, mahali ambapo wakati ule palikuwa mchanga mtupu. Gari langu hunionyesha upepo wa kila tairi kwenye kioo, na binti yangu hushangaa kwa nini bado nachuchumaa na kibanio cha nywele. Wazee wamestaafu, wako Kinangop kwenye matope yao. Kila Ijumaa ya baridi, tukienda mchangani, baba hupiga simu. "Ciru, umetoa upepo?" huniuliza, kisha hunifundisha tena upya, tandaza wayo, usikanyage kwa kisigino. "Nisikilize mimi, mwanangu. Mchanga ni wa kwetu." Na nyuma yake namsikia mama akicheka mpaka anakohoa.