Sukari ya Mzee Bisimwa

Jamani, aibu nimezionja nyingi hapa Joburg, lakini ile ya ukumbi wa kanisa kule Berea, mwaka 2019, hadi leo nikiikumbuka naziba uso kwa mikono, hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa nampenda Furaha, binti wa Mzee Bisimwa, na wiki iliyofuata nilipanga kupeleka wazee wakapose. Mzee huyo kwao Bukavu ni wa ukoo wa mwami, yaani mfalme wao, watu walimpigia magoti, lakini hapa analinda magari kwenye maegesho, tai shingoni chini ya kizibao cha rangi ya machungwa. Basi Jumamosi hiyo vijana wa kanisa wakaleta filamu ya Kiitaliano, vichekesho vya enzi za magari ya farasi, kuhusu kabaila aliyefilisika anayejifanya bado tajiri, na haikuwa na maandishi chini. Wakauliza nani ataitafsiri. Mimi kinyozi wa Kigoma, Kiitaliano nakijua kwenye makaroni tu, nikanyoosha mkono (baba mkwe mtarajiwa si yuko mstari wa mbele!), nikashika maikrofoni kama wale wa vibanda vya video kwetu wanaotia maneno yao kwenye filamu za watu.

Mwanzoni ilinoga, hata akina mama walipiga vigelegele. Kisha kabaila akaketi na wageni wake, vikombe vizuri, bakuli la sukari halina kitu, akasema maneno marefu, nami maneno yalikuwa yameniishia, nikatoa la kwanza lililonijia, tena na lafudhi ya Bukavu juu: "Sukari munganga alinikatazaka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, mpaka nilipoona wanacheka huku wanatazama mstari wa mbele. Kumbe nusu ya kanisa wameshakunywa chai kwa Mzee Bisimwa, kwenye vikombe vya ukingo wa dhahabu, bila sukari, na sababu ni hiyohiyo: munganga, yaani daktari, amemkataza. Mimi mwenyewe niliisikia kwake Jumapili iliyotangulia! Furaha akainamisha kichwa. Nikaomba umeme ukatike, ule ule wa mgao uliotutesa wiki nzima, siku hiyo ukagoma kukatika. Mzee hakugeuka nyuma. Alisema tu, kwa upole, "Endelea, mutoto yangu. Batu banafurahi."

Nikaendelea, eish, mpaka mwisho wa filamu, kabaila wangu akiongea kama mtu aliye msibani.

Siku ya posa, Mama Furaha akaleta vikombe vile vile, na bakuli limejaa sukari hadi inamwagika. Nikajua imenunuliwa kwa ajili yangu. Mzee akanitilia mwenyewe, kijiko juu ya kijiko. "Kunywa. Munganga ameruhusu." Wazee wangu, wasiojua kitu, wakashukuru. Nilikunywa nikitazama sakafu, na nililia, sifichi.

Furaha nikapewa. Tangu hapo maikrofoni sishiki, hata ya harusini. Na nikienda ukweni nakunywa chai bila sukari, wageni wakiniuliza mbele ya Mzee, nasema daktari amenikataza.