Miezi Mitatu ya Sabuni, Miezi Tisa ya Moshi

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, Dominique Kalenga anaoga kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ameoga nyumbani kwake Kashikishi, kwa maji ya ndoo. Sasa amesimama chini ya bomba nyuma ya Kituo cha Chembe hapa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, na mvua nyembamba inamnyeshea juu ya hayo, kana kwamba nayo imeajiriwa. Anasugua kichwa. Anasugua nyuma ya masikio. Kucha anazisugua kwa brashi ya viatu.

"Nywele njo adui," anasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambamo njo ni ndiyo, povu likimwingia mdomoni. "Nguo unavua. Nywele utaziacha wapi?"

Mbele yake Ziwa Mweru limetulia, na mitumbwi imepinduliwa mchangani. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazaliane. Marufuku ya mwaka huu inaisha Jumapili. Akina mama wawili wanaopita na beseni za muhogo wanamwona.

"Papa Sabuni!" mmoja anaita. "Utachubuka!"

"Nikichubuka, ngozi mupya itakuwa safi zaidi!" anawajibu, nao wanakwenda zao wakicheka.

Dominique ana umri wa miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuondoa vumbi katika chumba ambacho hakitakiwi kuwa na vumbi hata kidogo. Huvaa suruali nyeupe, koti jeupe, kofia inayofunika masikio na viatu vya kitambaa. Hupita milango mitatu, na hafungui wa pili kabla wa kwanza haujafungwa. Akiwa ndani hafagii.

"Kufagia ni kurusha vumbi juu ikalale mahali pengine," anaeleza. "Hapa unapangusa. Unaanza juu, unashuka chini, polepole, sawa mutu anapangusa mutoto analala."

Jengo hilo zamani lilikuwa ghala la barafu la kampuni ya samaki iliyofunga shughuli zake. Mwaka 1995 wanasayansi wa vyuo vikuu kadhaa walilikagua, wakaona kwamba kuta zilizozuia joto zinaweza kuzuia vumbi pia. Wakaingiza hadubini ya elektroni. Tangu hapo wageni huja kwa majuma mawili au matatu, kila mmoja na utafiti wake. Wengi huchunguza chembe za matope ambazo mto Luapula huzileta ziwani, na namna madini yanavyong'ang'ania juu yake.

Chembe hizo hupimwa kwa nanometa. Msomaji asiyeijua nanometa asione haya, maana kujifunza hakuna umri. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako. Upana wake ni nanometa elfu themanini hivi. Chembe wanazozitafuta wageni hawa nyingine hazifiki hata hamsini. Punje ya vumbi ikianguka juu ya chembe ya namna hiyo, ni sawa na nyumba kuangukia siafu.

Jumanne ya juma hili kituo kilipata habari njema. Wafadhili, kwa simu ya redio, walisema hadubini itabaki Nchelenge. Haitahamishiwa Lusaka, kama ilivyokuwa imepangwa mwaka jana. Wageni kutoka Dar es Salaam na Lubumbashi walipiga makofi. Dominique alitoka nje, akafunga milango yote mitatu, ndipo akapiga kelele.

Alikuwa na sababu. Alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, akakulia katika biashara ya kuvusha mafuta ya mawese na kurudi na samaki. Katika safari hizo alimpata Matildah, binti wa wavuvi wa Kashikishi. Yeye alijua Kibemba kidogo, binti alijua Kiswahili cha kununulia na kuuzia. Hadi leo wanazungumza Kiswahili hicho, kikichanganyika na Kibemba. Yeye humwita Bana Febby, yaani mama yake Febby, mtoto wao. Matildah naye humwita Bashi Febby, baba yake Febby.

Mwaka 1994 mtumbwi wake ulizama pamoja na mzigo wote. Miaka miwili baadaye aliajiriwa kituoni. Leo mshahara wake ni kwacha elfu tisini kwa mwezi. Ni fedha ya uhakika, lakini si hiyo inayomsomesha Febby katika shule ya bweni Mansa. Febby anasomeshwa na kichanja cha mama yake.

Kichanja hicho kinajulikana pwani nzima. Matildah hukausha mpale, samaki mwenye mwili mpana, juu ya moto wa kuni usiowaka miali. Kazi yake ni kujua lini aongeze kuni na lini azimwagie maji kidogo. Wafanyabiashara wa Kongo humaliza samaki wake kwanza ndipo wanunue wa wengine.

Shida ilianza Agosti 1997. Picha za hadubini zilianza kutoka na vishanga vyeusi vilivyoshikamana, mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Yalikuwa masizi. Wageni walikagua paa, vichujio vya hewa na mpira wa milango. Mwishowe mkuu wa kituo, Dk. Priscille Mwadi, mkemia mzaliwa wa Lubumbashi, aliwakusanya wafanyakazi akiwa na karatasi zenye gundi.

"Papa Dominique, nakuomba kichwa," alisema.

Watu walicheka. Alibandika karatasi juu ya kila kichwa, kisha akaingia nazo ndani. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Ni weye," alimwambia. "Pole, papa. Bengine nao beko nayo, lakini weye unabeba jiko muzima."

Dominique alirudi nyumbani akamweleza mkewe. Matildah alikuwa anageuza samaki. Hakuacha.

"Awe! Kwa hiyo wamesema nyumba yangu ni chafu?"

"Hawakusema chafu. Wamesema moshi."

"Moshi huu njo umemununulia Febby viatu. Ile mashine imemununulia nini?"

"Nitalala kwa Jairos kidogo tu, Bana Febby. Jairos anapika na umeme."

"Nenda. Nenda uoe mashine. Lakini mashine haitakupikia ubwali."

Jairos ni kaka yake Matildah, fundi wa redio asiye na mke. Dominique alilala kwake, chini, kati ya redio zilizofunguliwa, tangu Oktoba hadi Desemba. Jioni alikuwa akipita nyumbani kusalimia, akisimama upande ambao upepo unatoka ili moshi usimfikie. Majirani walimwona mtu anayezungumza na mkewe kwa umbali wa nyumba tatu. Mkewe akawa anamjibu kwa sauti ya kuita mtumbwi.

"Watu walifikiri nimemupiga," anasema Dominique. "Bengine walifikiri yeye njo amenipiga. Hii ya pili waliiamini zaidi."

Oktoba na Novemba masizi yalipungua, lakini hayakwisha. Si ajabu. Kashikishi nzima ina vichanja, na upepo hauombi ruhusa. Januari 1998 wafadhili walitoa uamuzi kwamba hadubini ipelekwe Lusaka. Dominique angebaki na brashi yake ya viatu. Kibaya zaidi kwake ni maneno yaliyokuwa yameanza kuzunguka sokoni, kwamba mkewe amefukuza wazungu na mashine yao kwa uchafu wa nyumba yake.

Jumamosi moja Dk. Priscille alikwenda Kashikishi kumweleza Matildah habari hiyo mwenyewe. Alitegemea kumkuta mwanamke peke yake. Alimkuta Dominique kando ya mkewe, ameketi juu ya kichanja kitupu, miguu inaning'inia, anakula embe.

"Papa Dominique! Kumbe umerudi kwa bibi? Tangu lini?"

Dominique anasema embe lilimkwama. "Tangu bafunge ziwa, docteur. Hakuna samaki, hakuna moto. Niliona nilale kwangu. Unisamehe."

Dk. Priscille alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Picha zote za Desemba na Januari zilikuwa safi kuliko za mwezi wowote. Alikuwa ameishukuru mvua, na ameushukuru usingizi wa Dominique kwa Jairos.

"Donc, kwa hiyo," alisema polepole, "miezi yote hii miwili unalala hapa? Ndani ya nyumba hii?"

"Ndani kabisa," alijibu Matildah badala ya mumewe. "Na blanketi moja. Sasa uniambie, mama, mbele ya huyu bwana: uchafu wangu uko wapi?"

"Hakuna, mama. Hakuna hata kidogo."

"Basi si nyumba. Ni moto. Na moto wa Kashikishi unalala December, unaamuka March. Leteni wageni benu wakati moto umelala. Hapa kwetu hata moshi unaheshimu serikali."

Wanawake hao wawili walicheka hadi jirani akachungulia. Lakini Dk. Priscille alirudi na hoja hiyo kituoni, akailinganisha na vipimo vya miaka yote, na akawaomba wafadhili msimu mmoja tu wa majaribio: Desemba 1998 hadi Februari 1999, mvua ikiwa imelaza vumbi na marufuku ikiwa imezima vichanja. Walikubali kwa shingo upande. Huo ndio msimu uliokwisha juma hili, na ndio uliozaa habari njema ya Jumanne.

Kuanzia sasa wageni watakuja miezi hiyo mitatu tu. Miezi tisa mingine hadubini itafunikwa, na Dominique atalipwa theluthi ya mshahara kukagua paa na kupaka mafuta bawaba za milango. Halalamiki. Tayari anajua atakuwa wapi siku nyingine.

Ijumaa hii kuna kazi moja iliyobaki. Saa nne kasoro, Matildah anafika kwenye lango akiwa na kibiriti kisicho na njiti mkononi. Ndani yake ametia masizi aliyoyakwangua kwenye kichanja chake. Mgeni wa Dar es Salaam, anayetaka masizi ya kulinganisha na chembe zake, ndiye aliyemwomba. Matildah alikubali kwa sharti moja, kwamba na yeye aone.

Kwanza anapelekwa bombani. Akirudi, mumewe anamngojea mlangoni, mikono nyuma kama mwalimu.

"Nyuma ya masikio umesugua?"

"Bashi Febby, usinianze."

"Kucha? Lete nione. Hapa ni labo, Bana Febby, si kwa mama yako."

"Utalala kwa Jairos leo," anasema Matildah, lakini anatoa kucha.

Anavalishwa nguo nyeupe. Milango mitatu inafunguka na kufungwa. Kibiriti kinabaki nje. Matildah alipokuwa akioga, mgeni alichukua humo punje kidogo tu, akazitayarisha juu ya sahani ya shaba. Taa zinapunguzwa, na picha inatokea kwenye kioo. Ni duara ndogo ndogo, zinalingana, zimeshikana kwa mamia katika kichala kimoja.

Matildah anasogea hadi pua ikaribie kioo. Kisha anaweka mkono mdomoni.

"Mayai ya samaki!"

"Ni moshi wako, mama," anamwambia Dk. Priscille.

"Ninajua ni moshi wangu. Lakini angalia! Ni mayai ya mpale kabisa." Anamgeukia mumewe. "Nzuri vile, na weye miaka yote unayafukuza na kitambaa?"

"Nilikuwa sijayaona usoni," anasema Dominique.

Jumatatu, tarehe mosi Machi, mitumbwi ya kwanza inarudi kabla jua halijawa kali, na mpale wanamwagwa mchangani wakiwa bado wanaruka. Juu ya nguzo ya kichanja, ndani ya mfuko wa plastiki, imepigiliwa picha ambayo Dk. Priscille aliwapa. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, anauliza ni mayai ya samaki gani. Matildah anamwambia atamjibu akinunua.

Dominique ana mpango. Kufikia msimu ujao anataka kujenga tanuri la matofali lenye bomba refu katika shamba la Jairos, mbali na nyumba na mbali na kituo, upande ambao upepo unakwenda na si unaotoka. Matofali ya msingi amekwisha kuyafyatua wakati wa mvua, akiyakausha chini ya paa. Dk. Priscille amemwahidi kwamba moshi wa Kashikishi ukipungua, wageni watajaribu kuja hata Novemba.

"Kazi moja ikaendelea, ya pili isife," anasema. "Ile tu njo nataka."

Nguo nyeupe zimo sandukuni, zimekunjwa, na kipande cha sabuni katikati yake. Anachukua magogo matatu, anayapanga chini ya kichanja, anapiga magoti na kupuliza. Moshi unapanda, unamwingia machoni, unatulia katika nywele alizozisugua tangu Desemba. Anainuka kuelekea kwenye ndoo ya maji, kwa mazoea.

Matildah anaivuta ndoo upande wake, anamimina maji kidogo juu ya kuni zisiwake miali.

"Leo usioge, Bashi Febby," anasema. "Geuza samaki."