Uvundo wa Mvuje

Naichukia harufu ya mvuje. Mwaka 1985, nikiwa msichana wa Ng'ambo nisiyeweza kukaa kitako mpaka sahani ikaisha, nilifungwa kipande chake shingoni ndani ya kitambaa cheusi. Kilinuka kama kitunguu kilichooza. Darasani wenzangu walinihama dawati. Wakubwa walisema nina shetani, na mvuje humfukuza, basi. Kukaa karibu yangu, hakuna aliyekaa.

Baadaye, nikiwa muuguzi, daktari mmoja aliniambia hali ile ya kutotulia ina jina, ADHD, na kwamba wako watu, makocha, ambao kazi yao ni kuwasaidia wenye nayo kuipanga siku yao. Nilisoma vitabu vya kazi hiyo, nikaanza. Ukijiita kocha Unguja hii, utaulizwa timu gani.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa mke wa mtu huko Chukwani. Kwao alikuwa akipika uani na dada zake, na wali wake haukuungua. Kwa mumewe alikuwa peke yake ndani ya kuta. Alibandika wali, akenda kuanua nguo, huko akaona kanga ya kushona, na chungu kikawa mkaa, wala si mara moja. Mume alishasema: Ramadhani ikipita hivi, atamrejesha kwao, na binti yao atabaki.

Siku niliyoingia kwake, harufu ilinipokea mlangoni. Mama mkwe alikuwa amemfunga mvuje shingoni, mwanamke mzima na akili zake! Hasira zilinipanda.

Sikuwa na dawa. Nilikaa jikoni nikachambua mchele huku yeye akipika. Akitaka kuondoka, namuuliza, "Umemaliza hili?" Kisha nikamtafutia jirani aliyekuwa naye akipika peke yake, wakawa wanapika futari pamoja. Ramadhani ikaisha bila chungu kuungua, na mume hakutaja tena kumrejesha.

"Umeona?" mama mkwe aliniambia siku ya Idi. "Mvuje haujapata kushindwa."

"Naam, Bi Mkubwa," nilijibu, nikajichukia kwa kuitikia.

Wakati huo binti yao, wa miaka sita, alikuwa akizunguka mkeka na tonge mkononi. Bibi yake akamshika, akatoa kitambaa cheusi, akamfunga shingoni. Mtoto akaziba pua. Nilihisi shingo yangu mwenyewe inawasha.

Mama yake akaweka sinia chini. Alikikata kitambaa kile kwa meno, akakitupa nje dirishani, kisha akakikata na chake.

"Mkitaka kunirejesha kwetu, nirejesheni leo," alisema, mumewe akimtazama. "Lakini huyu hafungwi."

Akavuta sahani ya mtoto, akakaa kitako ubavuni mwake.

"Kula, mwanangu. Mie nipo hapa, siondoki."

Mtoto akakaa, akala mpaka sahani ikaisha.