Maisha ya Mama Vigae, Mfinyanzi wa Miungu

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha karakana ya ufinyanzi, mwaka ule tanuri lilipobomoka, binti wa mfinyanzi wa miungu. Usishtuke, ndugu msomaji, mjini mwao hiyo ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kulikuwa na mungu wa mlango, wa jiko, wa safari, hata wa kikohozi, na baba yake aliwafinyanga wote kwa udongo uleule wa vyungu. Wingi wao haukuongeza haki. Mtu akitaka kusema uongo barazani aliapa kwa mungu wa jirani, maana wa kwake angemkasirikia. Ujanja mtupu!

Lakini nitakuwa mwongo nikisema hapakuwa na wema. Alipofiwa na mama akiwa na miaka minne, alilelewa na shangazi yake, mtunzaji wa nyumba ya mungu wa wageni. Sheria ya nyumba hiyo ilikuwa moja: anayebisha hodi haulizwi jina wala dini, huulizwa tu, "Umekula?" Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema humo, ingawa mara nyingi mwenyeji alilala na uji mwepesi.

Akiwa na miaka ishirini na miwili alimsikia dobi mmoja, mama wa makamo, akisali huku akifua. Akamuuliza, "Mama, huyo Mungu wako, mtu akiapa kwa jina la mungu wa jirani, anasikia?" Dobi akacheka. "Mwanangu, hata jirani ni wake." Neno hilo lilimkaa moyoni, na mwaka haukuisha akabatizwa. Baba yake akamfukuza karakanani, wala hakumsemesha kwa miaka tisa. Yeye akaanza upya, akazisaga sanamu alizozifinyanga kwa mikono yake na kuchanganya unga wake na udongo mbichi, kama wafinyanzi wafanyavyo ili chungu kisipasuke motoni. Ndipo wakamwita Mama Vigae, kwa vile vipande alivyovisaga.

Kisha waumini wakawa wengi, na sisi tulioonewa jana tukashika nyundo. Naona haya kuyaandika haya, lakini nayaandika. Adhuhuri moja, baada ya ibada, kundi likiongozwa na mtengeneza ngozi lilikwenda kuibomoa nyumba ya shangazi na kumfukuza mjini. Bibi wa miaka themanini, macho yamefifia! Kumtoa humo kulikuwa kumuua. Mama Vigae alikimbia njia ya mkato, akasimama mlangoni.

"Dada, pisha! Unatetea ushetani?" alifoka mtengeneza ngozi.

"Namtetea aliyenilea. Mungu nimemjua kwenu, lakini kumlisha mwenye njaa nilifunzwa humu. Nikilikana hilo, nitakuwa nimeapa uongo."

Mtengeneza ngozi akainua nyundo. Hapo shangazi, aliyesikia miguu mingi tu na asijue ni ya nani, akatokea akipapasa ukuta. "Karibuni, wanangu! Loo, mko wengi! Mmekula?" Akamgeukia Mama Vigae. "Wewe nawe umesimama tu? Ongeza maji chunguni, usituaibishe."

Mtengeneza ngozi akaiweka nyundo chini, machozi yakimtoka waziwazi. "Bado, mama," akasema. "Hatujala." Wakaingia, wakaketi.

Shangazi alifariki miaka mitatu baadaye, hakubatizwa. Padri kijana alimuuliza Mama Vigae kama anamhesabu kuwa amepotea. Akajibu, "Baba, hukumu si kazi ya mfinyanzi. Mimi naomba tu niwekwe karibu naye."

Naye alilala katika Bwana akiwa na miaka sabini na mmoja, udongo ungali kuchani. Wapo wasemao vyungu vyake havipasuki kamwe. Uongo, mimi mwenyewe nimepasua viwili! Muujiza ninaoushuhudia ni huu: mtengeneza ngozi alitumikia wageni katika nyumba ile hadi uzee wake, na wanawe baada yake. Basi wewe uliyebatizwa, mtaje kwa heshima yule aliyekufunza wema kabla hujajua kusali, hata kama hakuwahi kusali sala yako.