Pointi Nilizopata Kwenye Matanga ya Baba Mkwe

Admin, nifiche kabisa, maana shemeji yangu anafuata hii page na mdomo wake hauna breki. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na sita, naishi Yamumbi hapa Eldoret na nafanya kazi ya uhasibu kwa agrovet moja, duka la mbegu na dawa za mifugo, huko mjini. Mume wangu ni mlinzi Qatar. Kwao ni upande wa Kakamega.

Nina kadi ya mkopo ya benki, ile ambayo ukilipia kitu unapewa pointi, na pointi zikijaa unabadilisha na tiketi ya ndege. Watu huogopa hizi kadi na wana sababu, kwa maana ukichelewa kulipa riba inakumaliza. Mimi sichelewi. Unga, mafuta ya gari, karo, kila kitu ni kadi, halafu mshahara ukiingia nalipa yote. Jirani akitaka kununua friji namwambia, leta hizo pesa zako mkononi, nikulipie na kadi. Kwa ploti wananiita Mama Pointi na wala sioni aibu. Nilikuwa natafuta tiketi ya kumleta baba watoto nyumbani, kwa sababu mshahara wake wote unaishia kwa karo na ujenzi.

Kabla pointi zijae, baba mkwe akatuacha, hapa hapa Eldoret hospitalini. Mwajiri wa mume wangu alikataa kumpa ruhusa, na yeye ndiye kifungua mimba. Alitazama baba yake akizikwa kwa simu, mimi nikiwa nimeiinua juu ya vichwa vya watu mpaka mkono ukafa ganzi. Hiyo siku ilinivunja moyo na sitaki hata kuikumbuka.

Komiti ya mazishi ilikuwa inakaa kwangu. Walinichagua mweka hazina, michango ikawa inaingia kwa simu yangu. Sasa hapo nikafanya kile nimezoea kufanya. Bili ya hospitali, mochari, jeneza, hema, basi la kupeleka watu nyumbani, zote nililipa na kadi, na kila jioni nikachukua michango nikalipa kadi. Hakuna shilingi ilipotea. Nilisoma hesabu mbele ya komiti wakanishukuru, shemeji akiwa wa kwanza. Mambo ya pointi sikuwaambia, kwa sababu kusema ukweli sikuona kama ni kitu cha kuambia mtu.

Wiki jana huyo shemeji, mdogo wa mume wangu, alikuja kwangu akaomba simu yangu apige. Ujumbe wa benki ukaingia akiwa ameishika: hongera, pointi zako sasa zinatosha tiketi. Akaniuliza zimetoka wapi. Ningemdanganya, lakini kudanganya kumenishinda tangu utotoni. Nikamwambia zingine ni za unga, nyingi ni za matanga.

Akaweka simu mezani polepole. "Kwa hivyo Baba amelala chini, wewe unapewa zawadi?"

"Zawadi gani? Nililipa bili. Tungelipa pesa taslimu hizo pointi zingeenda wapi? Si zingepotea bure tu?"

"Usinifundishe benki. Watu walichanga wakilia. Wewe umekula matanga."

Jameni, kwetu kuitwa mtu aliyejifaidi na msiba si mchezo. Likikushika, hata watoto wako wanaitwa nalo. Niliwaka, nikamwambia mambo mengine sitayaandika hapa, na hiyo naona iliharibu zaidi.

Sasa ameita wazee wa ukoo Jumamosi. Anataka pointi zigeuzwe pesa zigawanywe. Nimemweleza haziwezi kutolewa kama pesa, akasema basi zioze. "Ndugu yangu hawezi kufika kwa kaburi la mzee na nauli iliyotoka kwa jeneza lake. Akija hivyo mimi simfungulii geti."

Mama mkwe naye ana sukari. Jicho moja limeenda, na daktari amesema la pili halina muda. Juzi alinipigia akinong'ona. "Mwanangu, hiyo mambo ya pointi mimi siielewi. Lakini wazee wakikataa Jumamosi, siwezi kukutetea mbele yao. Kama utamleta, fanya kabla hawajasema. Mlete nikiwa bado namwona."

Tiketi benki wamenishikia mpaka Ijumaa jioni. Najua kuna wenye wataniambia ninunue na pesa. Haki, hiyo pesa ningekuwa nayo singekuwa nalipia majirani friji.

Shida kubwa ni mume wangu. Amepata likizo mwishowe, na anajua pointi ni za unga na mafuta. Shemeji amesema mimi ndiye nimwambie kabla ya Jumamosi, la sivyo atamngoja afike amwambie yeye, hata kama ni pale kaburini. Namjua mtu wangu. Akisikia zimetoka kwa jeneza la baba yake hatapanda hiyo ndege, na mama yake atabaki kumsikia kwa simu tu. Nikinyamaza atapanda, kisha atashuka asikie mbele ya watu kwamba bibi yake amekula matanga.

Jana alinipigia akicheka, kitu sijasikia tangu tuzike. Ameniambia siku atafika nisipike, kwa sababu hatakula chochote kabla hajaenda kurusha mchanga kwa kaburi la baba yake. Nikamwambia sawa, sitapika.

Nishaurini wenzangu, na matusi wekeni kando: nimwambie ukweli abaki huko, ama ninyamaze apande?