Siku Mzimu wa Ziwa Ulipohamishwa

Nilipokuwa mtoto huku Likoni, siku mzimu wa ziwa letu ulipohamishwa, tulikuwapo mimi, bibi yangu, mjomba Hamisi mwanawe, Mzee Bakari aliyejua mambo ya mizimu, na Kilonzo, mkata miti kutoka bara.

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, limezungukwa na mikuyu. Hatukuthubutu hata kuokota kuni pale. Tuliambiwa atakayevunja tawi atapooza mkono. Bibi alipokwenda kuchota maji ya kumwagilia mchicha wake, uliotulisha sote, alibisha kwanza: "Hodi, wenyewe."

Mjomba alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Kwa kuuogopa mzimu, alimwita Mzee Bakari. Mzee akafukiza ubani, akanyunyiza marashi, akakifungua kitambaa cheupe cha mzimu kilichofungwa kwenye mkuyu mkubwa, akaenda kukifunga kwenye mwarobaini kando ya barabara. Basi, mzimu ukawa umehama.

"Haya mama, tumefanya kwa heshima," mjomba alisema. "Wenyewe wameridhia."

"Wameridhia kuhama, Hamisi. Na maji, umeyauliza?"

"Mama nawe! Maji yana masikio?"

Mzee Bakari akacheka. Kilonzo hakucheka. Aliyafunga matawi kwa kamba, akawa anayashusha polepole yasiuponde mchicha wa bibi. Alipofika kwenye mkuyu wa mwisho akasimama.

"Susu," alisema, kama wanavyowaita mabibi kwao, "huu mdogo nikuachie?"

Bibi alimshika mkono, Kilonzo akauacha. Kesho yake mjomba aliukata mwenyewe.

Mvua ziliposhuka, ziliburuta udongo mpaka ziwani. Lilipokuja jua, hapakuwa na kivuli. Maji yakawa tope, tope likapasuka. Mchicha ulikufa. Bibi aliendelea kwenda kila asubuhi na ndoo yake, anabisha hodi, anangoja kidogo, kisha anarudi nayo kavu. Mjomba alikuwa akimwona, anainamisha uso.

Leo nina mtoto wangu, na bado sijui kama mizimu hukaa mitini. Ninalojua ni kwamba ule woga wetu ndio uliokuwa ua wa ziwa. Wakubwa waliuondoa kwa adabu zote, wakadhani adabu inatosha.

Bibi alifariki kabla ya vuli iliyofuata. Maji ya kumwosha tuliyanunua kwenye mkokoteni.