Siku Niliyohesabu Amashyo

Nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: nilisimama kwenye boma la mzee wa watu, nikanyoosha kidole, nikahesabu ng'ombe wake kwa sauti. Mbele ya mama yangu, aliyekwenda pale kuomba shamba.

Muelewe, hatukuwa tumekwenda kutembea. Shamba tulilokuwa tunalima kule Masha, mwenye nalo alikuwa amelichukua, posho ya kambi ya wakimbizi imepungua mpaka unaona chini ya sufuria, na mama alikuwa na mbegu za maharage ambazo hata kuzitazama alitukataza. Mvua ilikuwa karibu. Akasikia kuna mzee wa Endiinzi, mfugaji, anawapa Warundi kama sisi kipande cha kulima, akasema twende wote, kwa sababu mimi nasoma Mbarara na nikivaa sare naonekana mtu wa maana (kosa la kwanza, na hilo ni lake).

Tulikuta ng'ombe wanakunywa maji. Mzee akatuletea maziwa, na kwa heshima akamsalimu mama kwa Kirundi, neno alilofundishwa na wachungaji wake: "Amashyo!" Mama akainama kidogo, akajibu, "Amashongore." Uso wake ukafunguka namna ambayo sikuizoea. Hapo ningekunywa maziwa yangu nikanyamaza, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini walikuwapo vijana wawili wa mzee, wananitazama viatu na kuchekana, nikataka wajue mimi ni nani. Nikasema, "Mzee, unajua hilo neno limetoka wapi? Ni makundi ya ng'ombe. Watu wa zamani walipotafuta kitu kingi kupita vyote walitazama malishoni, wakaona hakuna kinachozidi hapo, ndiyo maana mpaka leo mtu anakutakia amashyo hata kama huna mbuzi."

Mzee akafurahi. "Eeh, toto hii najua!"

Sifa hiyo ilinipanda kichwani kama pombe. Nikasema, "Basi tuone amashyo ya hapa ni mangapi," kidole kikatoka, mmoja, wawili, watatu...

Nilizaliwa kambini Nakivale, jamani, ng'ombe namjua akiwa kwenye mchuzi. Sikujua kwamba ng'ombe wa mtu hawahesabiwi, kwamba ukiwanyooshea kidole ni kama unawaitia kifo. Vijana wakaacha kucheka, nikadhani wanastaajabia hesabu yangu. Mama akanivuta shati, nikamwambia, "Subiri mama, utanipotezea hesabu." Nilipopita thelathini mtamba mmoja akateleza kwenye tope, akaanguka magoti, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Toa mmoja!"

Nikacheka peke yangu.

Mzee akaniuliza polepole, "Wewe, nani alituma wewe kuhesabu ng'ombe yangu?"

Mama ndiye aliyepiga magoti, palepale kwenye samadi. "Mzee, tusamehe. Ni mtoto, hajui."

"Simama, nyabo," mzee akamwambia mama kwa adabu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Hii mambo ya shamba, wacha." Akaingia ndani, na kijana wake mmoja akaja kuchukua vikombe, changu kikiwa bado nusu.

Mbegu tulizila mwezi uliofuata. Mama alizichemsha, wadogo zangu wakashangilia maharage, mimi nikawagawia sahani yangu. Tangu hapo hata kwenye foleni ya maji sihesabu walio mbele yangu, nangoja tu zamu yangu ifike.

Siku ile, njiani kurudi kambini, mama alitangulia mbele. Nilijaribu mzaha mmoja, ukanifia mdomoni. Tulipoanza kuona mabati ya Kashojwa, upande wetu wa kambi, akasimama, akang'oa jani, akajifuta samadi magotini, akasema bila kunitazama:

"Baba yako alikuwa nao ng'ombe, kule kwetu. Siku tunakimbia aliwafungulia zizi, akawatazama mpaka wa mwisho akapotelea mlimani. Usiniulize walikuwa wangapi."